Lamu Mwezi wa Agosti: Uzoefu Wangu na Kifurushi cha Wakala wa Nairobi

Kifurushi cha Lamu nilichonunua kwa wakala mmoja wa katikati ya jiji la Nairobi, kwa ajili ya likizo ya Agosti, kilinipa karibu kila kilichoahidiwa isipokuwa bahari yenyewe. Nasema hivi bila kinyongo, maana safari niliifurahia. Kasoro ilianzia kwenye orodha ya wakala, kabla hata sijapanda ndege.

Orodha hiyo ya safari za Julai na Agosti iliweka pamoja Santorini, Maldives, Seychelles na Lamu, kila pahali pakiwa na picha ya maji ya buluu yaliyotulia tuli, kana kwamba pwani zote za dunia zina msimu mmoja. Visiwa vya Ugiriki wakati huo huwa katika kilele cha joto na mvua ni nadra sana, ingawa mwenye pasipoti ya Kenya lazima apate kwanza viza ya Schengen, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Maldives huwa ndani ya msimu wa pepo za kusini-magharibi, ambao huleta mvua na mawimbi zaidi. Seychelles, ambako hatuhitaji viza bali kibali cha kusafiri kinachoombwa mapema, huwa kavu na yenye ubaridi kidogo, lakini fukwe zinazoelekea kusini-mashariki hupigwa na upepo mfululizo. Na huku kwetu, kuanzia Mombasa hadi Lamu, huvuma kusi, upepo mkali utokao kusini. Hakuna hata sentensi moja ya orodha hiyo iliyolitaja.

Usafiri ulipangwa vizuri. Tuliruka kutoka uwanja wa Wilson hadi Manda, na kwa kuwa uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, mashua ilikuwa tayari gatini kutuvusha. Nyumba ya wageni ilikuwa ya kale, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, yenye daka la kupumzikia mlangoni na zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani. Kuta zake nene na ua wa ndani viliifanya iwe na ubaridi mzuri bila kiyoyozi, na kwa mtu aliyeikimbia baridi ya Nairobi, ule ulikuwa ubaridi wa aina nyingine kabisa. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mwenyeji wetu alitutembeza kwa utaratibu, tukiifuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kisha tukiingia vichochoroni ambamo punda mwenye mzigo akikutana nawe, wewe ndiye unayebana ukutani. Asubuhi tulipewa mkate wa mofa wa moto, mchana samaki wa kupaka na maji ya ukwaju. Kwa upande wa chakula sina la kulalamikia.

Matatizo yalikuwa majini. Ratiba ilikuwa na siku nzima ya kwenda kisiwa kidogo cha Manda Toto kuogelea kwa miwani na kutazama samaki kwenye miamba. Nahodha, mzee aliyeonekana kuchoka kuwaeleza wageni jambo lile lile, alitazama nje ya mkondo akasema, “Mwanangu, miamba iko pale pale, ila leo hutaiona.” Kusi huyatibua maji yakawa na ukungu wa mchanga, na nje ya mkondo mawimbi huwa makubwa kwa mashua ndogo. Badala yake alitupeleka kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, naye akaibadilisha saa iliyoandikwa Nairobi, kwa sababu kijito cha mikoko kinachofika huko hupitika vyema maji yakiwa yamejaa. Aliyepanga saa ile bila shaka hakutazama kupwa na kujaa. Msikiti wa Takwa, wenye nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla, ulinivutia kuliko nilivyotarajia, na kurudi kwa tanga chini ya upepo ule ule ulionikosesha samaki ndiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote za safari.

Ufuo wa Shela, unaoenea takriban kilomita 12, ni mzuri kwa kutembea mwezi huo, lakini singewaachia watoto waogelee upande ulio wazi kwa bahari kuu. Anayetaka miamba na maji maangavu asubiri kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, kati ya Desemba na Machi; anayetaka mji, matanga na hewa isiyounguza, Agosti inamfaa sana.

Kuhusu fedha za siku ya Manda Toto, wakala alikataa kunirudishia, akanipa vocha ya safari nyingine. Nimeikubali kwa sharti moja lililoandikwa na kutiwa sahihi: niitumie Februari.