Kuondoa Vipele vya Ndevu kwa Leza Mjini Houston: Tathmini ya Kliniki na ya Msaidizi wa Daktari Aliyenihudumia

Ndevu zangu ni za kipilipili, na kazi yangu hospitalini hapa Houston inanilazimu kunyoa kila siku, kwa kuwa barakoa ya N95 haishiki vizuri usoni penye ndevu. Matokeo yake wengi wetu tunayajua: unywele uliokatwa kwa wembe hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, kikatokea kipele, mara nyingine na usaha, na baadaye doa jeusi linalokaa kwa miezi. Baada ya dawa za kupaka na dozi za antibiotiki iitwayo doksisaiklini kunipa nafuu ya muda tu, nilikwenda kwenye kliniki moja ya urembo wa kitabibu, ya aina ile iliyozagaa karibu na maduka makubwa ya Marekani, ambako watu huchomwa sindano za Botox, hujazwa midomo na kuondolewa nywele kwa leza. Kliniki yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko juu yake. Ninayetaka hasa kumpima hapa ni msaidizi wa daktari aliyenihudumia, maana karibu kila kilichokuwa kizuri pale kilitoka mikononi mwake.

Msomaji wa Tanzania akimfikiria tabibu, na wa Kenya akimfikiria afisa wa kliniki, atakuwa amemwelewa kwa sehemu kubwa. Ni mtaalamu anayechunguza mgonjwa, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa, huku akishirikiana na daktari kwa namna ambayo kila jimbo limeipangia sheria zake. Kada hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, mwaka 1965, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanaume wanne waliowahi kuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la wanamaji. Leo mafunzo ni ya shahada ya uzamili, kwa kawaida miezi 27 hivi, yakiwa na zaidi ya saa 2,000 za mazoezi wodini na kliniki, kisha mtihani wa taifa na leseni ya jimbo. Hata hivyo, mafunzo hayo yamekusudiwa kumwandaa mtu kwa tiba ya jumla, si kwa leza wala sindano za urembo. Ujuzi huo huja baadaye, kazini na katika kozi za ziada. Ndiyo maana nilimuuliza mapema alijifunzia wapi, naye hakuudhika. Alinieleza kwamba alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kliniki ya magonjwa ya ngozi kabla ya kuhamia kwenye urembo, na kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wake wa zamani walikuwa weusi.

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani. Leza ya kuondoa nywele huwinda melanini, yaani rangi iliyo ndani ya unywele, ili joto lishuke hadi kwenye mzizi. Sasa ngozi yenyewe ikiwa na melanini nyingi, mwanga huo hauna macho ya kutofautisha, na anayeungua ni mwenye ngozi. Mashine ya aleksandraiti, yenye mwanga wa nanomita 755, hufaa zaidi ngozi nyeupe. Ile ya Nd:YAG, yenye nanomita 1064, hupenya chini zaidi na kunyonywa kidogo na melanini ya juu, na kwa watu wa rangi yangu ndiyo iliyo salama zaidi. Kliniki ilikuwa nazo zote mbili. Aliyenipokea mapokezi alikuwa ameshaniandikia ya kwanza, labda kwa mazoea. Msaidizi wa daktari aliitazama karatasi, akanitazama usoni, akaikata kwa kalamu.

Siku hiyo hakunipiga leza uso mzima. Aliniuliza iwapo makovu yangu huwa yanavimba na kukua, iwapo bado natumia doksisaiklini, ambayo huweza kuifanya ngozi iathirike upesi na mwanga wa jua, na iwapo napaka chochote cha kufuta madoa. Swali hilo la mwisho aliliuliza bila kuhukumu, nami nikafikiria ni wangapi kati yetu wangejibu kweli kuhusu mkorogo uliofichwa kabatini. Kisha akajaribu mapigo machache chini ya taya na kunirudisha nyumbani ili ngozi ijibu kwanza.

Vikao vyenyewe ni vya dakika chache, vikipishana kwa wiki nne hadi sita. Unavalishwa miwani mizito, gesi baridi inapuliza ngozi, na papo hapo unahisi kama mpira umevutwa na kuachiliwa juu ya kidevu, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua. Nilipenda kwamba baada ya kila mapigo kadhaa alisimama na kuinama kukagua: wekundu mdogo na uvimbe kuzunguka vinyweleo ulimridhisha, lakini palipoanza kuonekana kijivu karibu na koo, alipunguza nguvu mara moja. Niliporudi kutoka likizo Bagamoyo nikiwa nimeiva kwa jua, alikataa kunifanyia, akaahirisha kikao bila kunitoza, ingawa dada wa mapokezi alikuwa ameshaandaa risiti.

Siku moja nilimuuliza kuhusu friji dogo lililokuwa karibu sana na kiti chake. Alisema humo hukaa hayaluronidezi, kimeng'enya kinachoyeyusha vijazio vya asidi ya hayaluroniki, vile vinavyochomwa kujaza midomo, kwa sababu kijazio kikiziba mshipa wa damu, ngozi huweza kufa na hata jicho kupofuka, na yeye hataki kuanza kutafuta ufunguo wakati huo.

Malalamiko sasa. Mapokezi wanakushawishi ununue vikao sita kwa mpigo hata kabla hujachunguzwa. Daktari ambaye jina lake liko mlangoni sikumwona hata siku moja. Kikao kimoja nilikuta fundi wa leza nisiyemfahamu, bila kuarifiwa. Alifanya kazi yake salama, lakini hakukagua ngozi kati ya mapigo, na nilitoka na wekundu uliochukua siku mbili kutulia. Juu ya hayo yote, skrini ya kulipia inakuuliza utatoa bakshishi ya asilimia ngapi, jambo ambalo mbele ya mtu mwenye leseni ya kutibu naliona ni aibu.

Nililipa kati ya dola 150 na 200 kwa kila kikao cha kidevu na shingo, na bima haikuchangia kitu kwa kuwa imeihesabu huduma hii kuwa ya urembo. Vipele vimepungua sana na madoa yamefifia, ingawa nywele hazijaisha. Hata mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa tiba huwaruhusu watengenezaji kudai upunguzaji wa kudumu tu. Kati ya vikao unaruhusiwa kunyoa, lakini si kung'oa wala kutumia nta, kwa kuwa leza inauhitaji mzizi uwepo.

Msaidizi wa daktari nampa nyota tano, na kliniki naipa nyota tatu. Anayetaka huduma kama hii, apige simu kwanza aulize mambo mawili: kama wana Nd:YAG, na ni nani atakayeishika siku hiyo.