Siku tatu na ekskaveta ndogo kwenye udongo mgumu: uzoefu wangu

Nilihitaji mtaro wa mita 64 wenye kina cha sentimita 75, wa kupitisha bomba la maji na bomba la nyaya za umeme hadi nyumbani. Vibarua wawili walianza kazi hiyo kwa sururu na mtaimbo, na baada ya kutwa nzima walikuwa wamepata mita 3 tu, kwa sababu chini ya sentimita 20 za udongo laini kulikuwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na changarawe, ambao jua lilikuwa limeukausha hadi ukawa kama tofali lililochomwa. Ndipo nilipokodi ekskaveta ndogo ya tani 1.7, yaani mtambo wa kuchimbia wenye mkono na ndoo, na baada ya kuelekezwa namna ya kuiendesha, nikachimba mwenyewe kwa siku tatu.

Mtambo wenyewe ulinipendeza tangu mwanzo. Mikanda yake ya mpira hubanwa hadi upana wa karibu mita moja, hivyo uliingia getini bila kugusa nguzo, kisha nikaitanua ili usiyumbe wakati wa kuchimba. Mkono wake mkuu unaweza kugeuzwa pembeni ukiwa peke yake, jambo lililoniwezesha kuchimba sambamba na ukuta wa nyumba, mahali ambapo mtambo usio na uwezo huo ungelazimika kusimama kwa mshazari.

Hata hivyo, siku ya kwanza nusura nikate tamaa. Aliyenikodisha aliuleta mtambo ukiwa na ndoo ya upana wa sentimita 45, na meno yake yalikuwa yamelika hadi ncha zake zikawa butu kama kidole gumba. Kila nilipovuta, ndoo iliteleza juu ya udongo kwa mlio wa chuma kinachokwaruza jiwe, ikaacha mfereji mwembamba unaong'aa kana kwamba mtu ameupiga msasa, na ndani ya ndoo nikapata vumbi la kujaza kofia. Nilipozidisha nguvu, udongo haukukatika, bali sehemu ya mbele ya mtambo iliinuka. Kabla ya kukodi nilikuwa nimeuliza nguvu ya injini, kumbe ilinipasa kuuliza uzito wa mtambo, upana wa ndoo na hali ya meno, kwa kuwa haidroliki, yaani mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaoendesha mkono na ndoo, haiwezi kusukuma ardhi kuliko uzito wa mtambo unavyoweza kuihimili.

Nililalamika, na mchana nikaletewa ndoo ya sentimita 30 yenye meno mapya. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Nguvu ileile sasa ilikusanyika kwenye meno machache, na udongo wa kutolewa ulipungua kwa theluthi moja, kwani mabomba hayakuhitaji upana zaidi ya huo. Nasisitiza jambo hili kwa yeyote anayetaka kukodi: kagua meno kwa mkono kabla ya kusaini karatasi yoyote, tena tikisa kila jino uone kama pini yake imekaza.

Namna ya kuchimba nayo ina uzito wake. Mwanzoni nilikuwa nikivuta mkono kuelekea kwangu, kama mtu anayelima kwa jembe, ilhali kwenye mitambo hii nguvu kubwa zaidi ipo kwenye kukunja ndoo. Nilijifunza kusimamisha meno karibu wima, kuyakandamiza hadi yaingie kidogo, kisha kukunja ndoo ili ing'oe bonge, na ndipo mkono uvute kile kilichokwisha kulegea. Nilichukua tabaka la sentimita 8 hadi 10 kwa kila pito, bamba la mbele likiwa limeteremshwa na kukaza ardhi. Sikuthubutu kuzungusha mtambo huku meno yakiwa yamekwama ili kubomoa ukuta wa mtaro, kwani mota ya kuzungushia na pini za mkono hazikuundwa kustahimili msukumo wa pembeni.

Jioni ya siku ya kwanza nilitoboa vishimo kwa mtaimbo kwenye mstari uliobaki, nikavijaza maji mara mbili na kuviacha hadi asubuhi. Udongo ulilainika, lakini mahali nilipozidisha maji mfinyanzi ulinata ndani ya ndoo na ikanibidi kuukwangua kwa beleshi kila baada ya kuchota mara chache. Unyevu kiasi ndio unaofaa, si tope.

Sehemu moja ya mita 5 ilikuwa na mwamba laini ambao ndoo haikuuweza kabisa. Hapo niliomba jino la kupasulia, yaani chuma kimoja kirefu kinachofungwa badala ya ndoo, na ingawa kazi ilikwenda polepole, sikulazimika kukodi nyundo ya haidroliki.

Kabla ya yote hayo nilikuwa nimewaita wahusika wa maji na umeme waje kuonyesha njia za zamani, na karibu na alama zao nilichimba kwa mkono, sentimita 60 kila upande. Bomba la zamani la maji lilionekana mahali ambapo ndoo ingepita. Udongo uliotoka niliuweka umbali wa sentimita 60 kutoka ukingoni ili usirudi mtaroni.

Siku ya tatu nilimaliza mita zilizobaki, nikatia mchanga wa sentimita 10 chini ya mabomba na juu yake, kwa sababu mabonge ya udongo ule ni makali na yangeweza kulipasua bomba la plastiki yakiangukia moja kwa moja. Kufukia kwa bamba la mbele hakukuzidi saa mbili, nikishindilia kila baada ya sentimita 15. Nikipata tena mtaro kwenye udongo wa aina hii, nitachukua mtambo wa tani 2.5 au zaidi pale njia inaporuhusu, na nitaagiza ndoo nyembamba na jino la kupasulia vije pamoja nao tangu siku ya kwanza.