Uzoefu wangu na For Honor, gemu ya kuzuga

Wadau, kama unapenda gemu za kupigana ila umechoka zile za kubonyeza hovyo mpaka mtu adondoke, jaribu For Honor ya Ubisoft. Ni ya 2017 lakini mi naicheza mpaka leo kwenye PS4, na sijaona nyingine inayothamini kuzuga kama hii.

Iko hivi, unaweka ulinzi juu, kushoto au kulia, mpinzani akirusha pigo inatokea alama nyekundu upande linakotokea, ukiweka ulinzi huko umezuia, na ukibonyeza kitufe cha R2 (cha pigo zito) pale pale linapotaka kutua unalipangua kabisa. Sasa utamu uko kwenye kitufe cha duara. Unaanzisha pigo zito, jamaa anaona nyekundu anabonyeza ili apangue, kumbe we ushalikata na duara, panga lake linakuja lenyewe na wewe ndo unalipangua kiulaini. Kama ni mtu wa kuruka pembeni unazuga halafu unabonyeza kitufe cha mraba, unamdaka akiwa bado anaruka.

Tatizo wengi ninaokutana nao wanazuga mfululizo, mtu akishajua hupigi kweli anatulia tu anakusubiri, na kila ukizuga stamina (pumzi ya mpiganaji wako) inaliwa, ikiisha unakuwa mzito na ukidakwa ukasukumwa unaenda chini. Mpige kwanza kweli, zito liingie limuume, hapo ndo atakuamini. Mi raundi ikianza natupa za juu za ukweli namsoma, huyu anapangua, anaruka, au amejificha tu nyuma ya ulinzi? Nikishajua ndo naanza kumuuzia mapigo ya uongo. Hata mabondia wa ulingoni wanafanya hivyo hivyo, jebu za mwanzo zinaingia kweli ili baadae bega likitikisika tu mtu apandishe mikono na mbavu zibaki wazi.

Anayeanza achukue Warden, mmoja wa wapiganaji wa kuchagua humo. Lile pigo lake la bega unaweza ukalikatisha njiani ukaingia kudaka, kwa hiyo anayewahi kuruka unamdaka na anayeganda anakula bega. Ukilielewa hilo umeshaelewa gemu nzima.

Ila inataka net iliyotulia sana jamani, kwa bando la simu jioni alama unaiona wakati pigo limeshatua, hapo hakuna kuzuga wala kupangua. Mi duel za 1 kwa 1 nacheza usiku wa manane, mchana nafanya mazoezi na boti tu, yaani wapinzani wanaoendeshwa na gemu yenyewe.