Kiti cha mbao kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kazi nzuri ya mafundi wa Moshi, ila vipimo

Tunazungumzia kile kiti cha plaiwudi chenye mgongo mrefu, kingo mbili za ubavuni, kimeza cha kuchomeka mbele na ubao wa kukanyagia miguu. Mafundi seremala wa Moshi wanakichonga kwa oda, na kwa mtoto ambaye bado hajiwezi kukaa mwenyewe ni msaada mkubwa kuliko kumzungushia mito kwenye kochi. Tunakipendekeza, kwa sharti moja: kichongwe kwa vipimo vya mwili wa mtoto, si kwa umri wake.

Upande wa useremala hakuna kubwa la kulalamikia. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, inatosha kiti na kimeza chake. Viungio vikifungwa kwa gundi na skrubu, kiti kinastahimili hata mtoto anayejikaza na kujirusha nyuma kwa nguvu. Cha misumari mitupu kitaanza kulegea, kwa sababu kila mtoto anapojinyoosha mgongo unasukumwa na misumari inachomoka kidogo kidogo. Kingo za plaiwudi zizibwe vizuri kwa rangi ya mafuta au vanishi. Mkojo na maji ya kuoshea yakipenya hapo, ubao unavimba na kuachana tabaka.

Shida inaanzia kwenye swali la fundi: "Mtoto ana miaka mingapi?" Mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na mwili wa mtoto wa miaka miwili, au akawa na miguu mirefu na kiwiliwili chembamba. Kinachotakiwa ni futi kamba. Mkalishe kwenye benchi gumu, mtu mwingine amshike kiunoni, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa pembe mraba. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 2 au 3: hicho ndicho kina cha kiti. Ukipata 28, kiti kiwe na kina cha 25 au 26. Upana ni wa nyonga, ongeza sentimita moja kila upande. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu au vifaa vyake vya miguu, ndio umbali wa ubao wa kukanyagia. Kimeza kifike usawa wa viwiko vilivyokunjwa.

Kina ndicho kinachokosewa zaidi, na madhara yake ni makubwa. Kina cha kiti kikiwa kirefu mno, ukingo wa mbele unamgusa nyuma ya magoti, naye anateleza mbele kuukwepa. Nyonga zinalala nyuma, mgongo unapinda kama upinde, kichwa kinaanguka. Mzazi anadhani mtoto hana nguvu ya shingo, kumbe kiti ndicho kinachomwangusha. Dawa ya haraka ni kumwekea ubao wa mgongo wa ziada ili kina kipungue, wala huhitaji kiti kipya.

Kosa la pili ni mkanda. Mara nyingi unafungwa tumboni, kwa kuwa tundu zake zimetobolewa kwenye mgongo wa kiti. Mkanda huo hauzuii kuteleza. Mtoto anapita chini yake, na akishuka sana unaweza kumfika shingoni. Tundu zitobolewe pale kikalio kinapokutana na mgongo wa kiti, ili mkanda upite kwenye mkunjo wa nyonga kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi. Mkanda wa begi wenye klipu unatosha. Hata ukiwa sahihi, mtoto asiachwe peke yake kitini.

Kigingi cha katikati ya mapaja nacho hueleweka vibaya. Kazi yake ni kutenganisha magoti yanayovutana, hivyo kikae karibu na magoti. Kikisogezwa kinenani ili "kumzuia asiteleze", kitamchubua.

Sponji ya godoro laini haifai. Bonyeza kwa ngumi. Ukigusa ubao, makalio yatagusa pia. Chukua sponji nzito ya sentimita 3 au 4, uifunike kwa reksini inayofutika.

Tunachokipenda hasa ni kimo kifupi cha kiti hiki. Mama anakaa kwenye kigoda, macho yake usawa wa macho ya mtoto, na mtoto anakaa karibu na sinia pamoja na wenzake. Wakati wa kulisha, kidevu kiinamie mbele kidogo. Kichwa kikilala nyuma, uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Akimaliza, abaki wima nusu saa.

Anza na dakika 15 au 20, umtoe, ukague makalio, mgongo na nyuma ya magoti. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake kuna mahali panabana. Kwa mtoto ambaye nyonga zake zimekaza hazikunjiki, au uti wa mgongo umepinda, kiti hiki kama kilivyo si chake. Kwanza aonwe na mtaalamu wa tiba kazi au fiziotherapia. Walio karibu na Moshi wana hospitali ya rufaa ya KCMC, na TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa vifaa tiba vya viungo, kipo mjini humo humo. Kijana mzito naye anahitaji kitimwendo chenye egemeo, maana kumnyanyua kutoka chini kila siku kutamvunja mama mgongo.

Ukiweka oda, mwambie fundi asipake rangi wala kushona sponji kabla mtoto hajajaribishwa. Ubao wa miguu ufungwe kwa bolti za milimita 8, na atoboe tundu za akiba kila baada ya sentimita 2 na nusu kwenda chini. Mtoto akirefuka, spana namba 13 inamaliza kazi hapo hapo nyumbani. Kina kipimwe upya kila miezi sita.