Kubadilisha kioo cha saa Kampala: uzoefu wangu kwa mafundi wawili

Saa ni Seiko 5 ya marehemu baba, ile isiyotumia betri, inayojijaza kwa mwendo wa mkono. Aliivaa miaka yake yote ya jeshi hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala. Iliponifikia, kioo kilikuwa na mikwaruzo tele, na mwezi uliopita niliigonga kwenye nguzo ya geti nikiingiza pikipiki. Kioo kikapasuka kutoka juu hadi chini.

Mikwaruzo ile nilishawahi kuisugua kwa dawa ya meno, kama watu wanavyoshauriana. Nusu saa nzima, na hakuna kilichobadilika. Dawa ya meno husaidia kioo cha plastiki, kwa sababu plastiki ni laini na husagika. Hiki cha Seiko, wanachokiita Hardlex, ni kioo hasa kilichoimarishwa. Kama hujui chako ni kipi, kigonge taratibu kwa ukucha: plastiki hutoa mlio mzito na haina ubaridi wa kioo.

Fundi wa kwanza nilimkuta kando ya barabara karibu na stendi ya zamani ya taksi. Shilingi 10,000, robo saa, kazi imekwisha. Siku ya tatu nikaona ukungu mweupe ndani ya kioo, nikadhani ni maji. Halafu mshale wa sekunde ukaanza kukwama. Iliniuma sana, maana kabla ya hapo saa haikuwa na tatizo lolote la kutembea.

Rafiki akanielekeza kwa mzee mmoja ghorofani, Luwum Street.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Nani aliitia hii gundi?"

Alijua kabla hata ya kuifungua. Ule ukungu ni mvuke wa supagluu: gundi ikikauka mahali palipofungwa, mvuke wake huganda kuwa weupe. Na kioo cha saa hii hakihitaji gundi, hubanwa na pete nyembamba ya plastiki. Akatoa mashine yote, akapuliza kwa pampu ndogo ya mpira, na chembe ya kioo iliyokuwa imebaki ndani ikaanguka juu ya karatasi nyeupe. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakwamisha mshale. Kisha akapima kioo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo, upana na unene, hadi sehemu ya kumi ya milimita. Fundi wa kwanza hakupima chochote.

Akanipa nafasi ya kuchagua kati ya kioo cha kawaida na cha safaya, yaani kito kigumu kinachopitisha mwanga, ambacho bei yake ni zaidi ya mara mbili. Nilitamani safaya. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambapo namba kubwa ndiyo ngumu zaidi, safaya ina 9, mchanga wa barabarani una kama 7, kioo cha kawaida hakifiki 7, ndiyo maana vumbi letu la murram hukikwaruza unapokifuta kwa shati. Lakini safaya, pamoja na ugumu wake, kishindo huweza kuipasua. Saa yangu iliharibiwa na kishindo, si vumbi. Nikachukua cha kawaida.

Nililipa shilingi 45,000 pamoja na pete mpya na mpira mpya wa kifuniko cha nyuma, nikasubiri siku nne. Kioo kimekaa sawasawa, hakuna mwanya, mshale unazunguka bila kusita. Doa dogo la gundi limebaki pembeni mwa uso wa saa. Mzee alikataa kulisugua asije akaondoa rangi, na naona alifanya vema.

Hana mashine ya kupima kama maji yanapenya, na alinieleza hivyo kabla sijatoa hela. Kwa hiyo nikitaka kutawadha naivua kwanza, naiweka mfuko wa shati, kioo kikielekea kifuani.