Kukanda Unga wa Chapati: Maji ya Moto au Maji Baridi?

Unga wa ngano ukikandwa kwa maji baridi hujenga gluteni (utando wa protini za ngano) imara, na ndiyo maana donge lake huvutika, hujirudi linaposukumwa, na huhitaji kukandwa dakika 10 hadi 15, kisha kufunikwa kwa nusu saa ili lilegee. Maji ya moto hufanya kazi nyingine: joto huivisha sehemu ya wanga, wanga huo hunywa maji mengi zaidi, na gluteni hudhoofika, hivyo donge hulainika mapema na kusukumika bila ubishi. Chapati zake hubaki laini hata zikipoa, ilhali za maji baridi, ambazo hupendeza zikiliwa papo hapo, hukakamaa upesi zisipotiwa mafuta au samli ya kutosha.

Hata hivyo, maji ya moto yakimiminwa yote kwa pamoja huufanya unga unate vibaya. Ni heri kuyatia kidogo kidogo, ukikoroga kwa mwiko kwanza (mikono nayo ina haki yake), mpaka donge liache kushika bakuli. Kwa chapati za kunywea chai kesho yake, mimi huchagua maji ya moto. Kwa maandazi, ambayo hamira yake hufa kwa joto kali, sithubutu.