Duka la fremu la Mkunazini na picha za Marekani za mwanzo wa karne ya 20

Duka hili dogo la Mkunazini, ambalo wengi wetu tunalijua kwa picha za majahazi na milango ya Mji Mkongwe, sasa linachapisha na kutia fremu kazi za wapiga picha mashuhuri wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mteja huchagua katika jalada la sampuli au huleta faili lake mwenyewe, kwani picha nyingi za aina hii hupatikana bila malipo katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na zile zilizochapishwa nchini humo kabla ya 1929 hakimiliki yake huko imekwisha. Niliagiza kadhaa kwa ajili ya chumba cha kusomea cha skuli yetu. Baadhi zimetoka vizuri mno na baadhi zimeharibika, na sababu ya tofauti hiyo ndiyo itakayomfaa anayetaka kuagiza zake.

Zilizotoka vizuri ni za Lewis Hine. Hine alikuwa mwalimu mjini New York kabla ya kufanya kazi, kuanzia 1908, na kamati ya taifa iliyopinga ajira ya watoto, na kwa miaka mingi alizunguka viwandani na migodini akiwapiga picha watoto waliokuwa kazini na kuandika umri wao na kazi waliyoifanya. Niliyoichagua ni ya msichana wa kiwanda cha pamba cha Lancaster, Carolina Kusini, iliyopigwa Novemba 1908. Katika maelezo yake Hine aliandika kwamba kimo cha msichana huyo ni inchi 48, yaani takriban sentimita 122, na kwamba amekwisha kufanya kazi nusu mwaka. Duka limeichapisha kwenye karatasi isiyong'aa, na safu ya mashine inaonekana ikirudi nyuma hadi inapofifia, huku uso wa mtoto ukibaki bayana bila kung'arishwa. Nimeitundika kwenye kimo cha macho ya wanafunzi wa darasa la tano, na hakuna anayeipita bila kusimama.

Mambo yaliharibika tulipofika kwa Alfred Stieglitz. Huyu ndiye aliyeanzisha mwaka 1902 kundi la wapiga picha waliotaka kazi yao ihesabiwe kuwa sanaa sawa na uchoraji, na jarida alilolihariri kuanzia 1903 hadi 1917, Camera Work, lilichapisha picha kwa njia ya fotogravua, yaani picha huchongwa kwa dawa juu ya bamba la shaba, kisha bamba hupakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Uzuri wa njia hiyo umo katika rangi za kijivu zinazopishana hatua kwa hatua kati ya nyeusi na nyeupe. Kijana wa kompyuta, kwa nia njema kabisa, aliona picha imefifia akaamua kuisafisha: akaongeza weusi, akazidisha weupe, na vile vijivu vyote vikamezwa. Picha yake The Steerage, yaani sehemu ya abiria wa nauli ya chini melini, iliyopigwa mwaka 1907, ilirudi kwangu ikiwa na vivuli kama masizi, na watu wa sitaha ya chini, ambao ndio roho ya picha yenyewe, hawakutambulikana tena mwanamke ni yupi na mzigo ni upi. Nilipolalamika, mwenye duka aliichapisha upya bila kunidai shilingi, na mara hii mikanda myeupe ya suruali iliyopishana mgongoni mwa yule bwana aliye chini ilionekana kama inavyopaswa. Aliyewahi kusafiri kwa boti ya Mkoani na kuwatazama abiria wa chini kutoka juu ataielewa picha hiyo bila kufundishwa.

Kibandiko cha maelezo nacho kilikosewa. Kilisema kwamba hao ni wahamiaji wanaowasili Marekani, jambo ambalo wengi hulidhani, ilhali meli hiyo, Kaiser Wilhelm II, ilikuwa ikitoka New York kuelekea Ulaya. Kwa picha inayokwenda skuli kosa hili si dogo. Vilevile katika jalada imo picha ya Edward Curtis ya wanaume wawili wa Piegan, kabila la Wahindi Wekundu wa Marekani, wameketi hemani, nayo imewekwa bila neno lolote la kueleza kwamba saa iliyokuwa kati yao ilifutwa kabla ya picha kuchapishwa katika mfululizo wake wa juzuu 20 uliotoka kati ya 1907 na 1930. Nakala yenye saa ipo katika Maktaba ya Bunge. Ningelishauri duka liuze zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ile yenye saa ndiyo inayotufahamisha jinsi Curtis alivyotaka Wahindi Wekundu waonekane: kana kwamba wakati haukuwagusa.

Uteuzi wa jalada una upungufu. Mwanamke hayumo hata mmoja, ingawa Frances Benjamin Johnston alipiga picha nzuri ajabu katika chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1899 na 1900, mojawapo ikiwa ya wanafunzi Weusi wakijenga ngazi ya mbao. Mafundi seremala wetu wangeipenda.

Kuhusu fremu sina lawama. Mbao ni imara, na kati ya picha na kioo huwekwa ukingo wa kadibodi ili karatasi isigandane na kioo, jambo la lazima katika unyevu wa bahari yetu, ambapo picha iliyobanwa vibaya huota ukungu mara tu masika yanapoingia. Bei ni ya juu kidogo kuliko ya maduka ya Darajani, lakini huko ukingo huo hauwekwi. Anayeagiza aseme mapema kwamba faili lisiguswe, adai kuona chapa ndogo ya majaribio kwanza, na kibandiko akiandike mwenyewe.